Mtumbwi upo, uko, au umo? Namna mashine inavyofuata kitu kinachosogea

Mwaka jana nilifunga simu yangu ya zamani kwenye dirisha linalotazama maji, upande wa gati la kivuko cha Kamanga, nikaiandikia programu ndogo ya kuhesabu mitumbwi inayopita. Kwa mkazi wa Mwanza hiyo ni kazi ya kipuuzi kidogo, maana ukikaa pale na kikombe chako cha chai unahesabu mwenyewe. Lakini nilitaka kuona. Saa ya kwanza mimi nilihesabu mitumbwi tisa. Programu ilisema 41.

Mchawi mkubwa alikuwa Jiwe la Bismarck. Kila mtumbwi uliopita nyuma ya jiwe ulipotea, na ulipochomoza upande wa pili programu iliuandika kama mgeni. Wimbi likiufunika kidogo, mgeni. Kivuko kikikatiza mbele yake, mgeni tena. Na mmoja kati ya hiyo 41, nilipopiga hesabu ya kasi yake, ulikuwa unakimbia kilomita 200 kwa saa. Alikuwa mnandi, ndege yule mweusi mla samaki, aliyepita karibu na kioo cha kamera.

Kuona, kompyuta za siku hizi zinaona. Simu ya bei ya chini inaweza kuuzungushia mtumbwi kisanduku na kuandika "boti" juu yake. Kinachozitoa jasho ni yale tunayofanya bila kujua tunayafanya: kutambua kwamba mtumbwi huu ndio ule wa sekunde tatu zilizopita, kwamba haujayeyuka kwa sababu tu jiwe limeuficha, na kwamba ukiendelea hivyo baada ya dakika moja utakuwa karibu na gati. Gari linalojiendesha, droni inayobeba dawa, roboti ya ghalani, hata mhusika wa mchezo wa kompyuta, wote wanaishi au kufa kwa hesabu hizo.

Tuanze na jambo linaloonekana dogo. Picha moja haina mwendo. Piga picha ya bodaboda pale Barabara ya Makongoro, kisha mwonyeshe mtu: imesimama au inakimbia? Binadamu atakisia kwa vumbi, kwa shati la dereva lililojaa upepo, kwa namna abiria alivyong'ang'ania. Mashine inaona jedwali la namba za rangi, basi. Ndiyo maana mwaka 2013 watafiti wa DeepMind, kampuni ya London, walipoifundisha programu kucheza michezo ya zamani ya Atari, hawakuipa picha moja ya skrini kwa wakati. Waliipa nne za mwisho kwa pamoja. Katika picha moja mpira umeganda hewani, na hakuna anayeweza kusema kama unakuja kwako au unakwenda kwa mwenzako. Ukiwa na picha nne, mwendo unajitokeza.

Basi toa picha iliyotangulia kwenye picha ya sasa, kitakachobaki ndicho kilichosogea? Nilijaribu. Kilichobaki kilikuwa ziwa zima. Maji hayatulii, kila kiwimbi kinametameta kivyake, na kwa hesabu hiyo Ziwa Victoria lote, kilomita za mraba zinazokaribia 69,000, lilikuwa linasafiri. Ukipanda kivuko na kamera yako mambo yanaharibika zaidi, kwa sababu sasa anayesogea ni wewe. Watoto wakiwa kwenye kivuko hupiga kelele kwamba mawe yanakimbia, na kwa macho yao wako sahihi kabisa. Mashine iliyopanda chombo lazima kwanza iujue mwendo wake yenyewe, iutoe, ndipo iulize nini kingine kinatembea.

Hapo ndipo anapoingia Rudolf Kálmán, mhandisi mzaliwa wa Budapest, Hungaria, aliyechapisha mwaka 1960 njia ambayo leo kila mtu wa fani hii anaiita kichujio cha Kalman. Kilitumika kwenye safari za Apollo za kwenda mwezini, na leo kimo kwenye simu yako. Nimeona kikielezwa kwa milinganyo inayotisha, lakini wazo lake analielewa yeyote aliyewahi kumsubiri mtu kwenye ukungu wa asubuhi ziwani. Unakisia yuko wapi, unapata dokezo, unasahihisha, unakisia tena.

Tuseme programu inaamini mtumbwi uko mita 60 kutoka gatini, lakini inakiri inaweza kukosea kwa kama mita 4. Kamera inasema ni mita 66, nayo hukosea kwa kama mita 2. Umwamini nani? Kichujio hakichagui upande, wala hakigawi nusu kwa nusu. Kinachukua mashaka ya kila mmoja na kuyazidisha yenyewe kwa yenyewe: 16 kwa kisio, 4 kwa kamera. Jumla ni 20. Kisio lina sehemu 16 za mashaka kati ya 20, kwa hiyo tunasogea kuelekea kamera kwa 16 juu ya 20, yaani asilimia 80 ya pengo la mita 6. Jibu ni mita 64.8. Kisha linakuja jambo ambalo mimi lilinichukua siku kadhaa kulikubali: mashaka yaliyobaki ni kama mita 1.8, pungufu ya mashaka ya kamera peke yake. Kisio baya kuliko kamera bado limeisaidia kamera. Ni kama shahidi aliyelewa ambaye, akiwekwa pamoja na shahidi mzima, anaongeza kitu.

Kamera ikipofuka, kichujio kinaendelea kukisia. Mtumbwi uliokuwa ukienda mita 3 kwa sekunde ukaingia nyuma ya jiwe, baada ya sekunde 20 unadhaniwa umesogea mita 60. Lakini kama kasi yenyewe hatuijui vizuri, tuseme tunaweza kukosea nusu mita kwa sekunde, sekunde hizo 20 zimeongeza mita 10 za mashaka. Kwenye skrini yangu niliyachora kama duara la yai linalozunguka mtumbwi. Linavimba kadiri mtumbwi unavyojificha, na ukichomoza tu, linasinyaa.

Tatizo la pili ndilo gumu kweli, na sidhani linapewa heshima yake. Nani ni nani?

Mjomba wangu alivua dagaa miaka mingi upande wa Igombe. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, mwezi mpevu wavuvi wanapumzika, kwa sababu taa ndizo zinazowavuta na mbalamwezi inaharibu kazi. Zamani zilikuwa karabai, sasa ni taa za betri na za sola, zimepangwa juu ya maboya zinaelea. Ukisimama ufukweni unaona mji mwingine umejengwa juu ya maji. Nilimuuliza siku moja alikuwa anazijuaje zake.

"Shikamoo mjomba. Hivi taa zote zile zinafanana, ulikuwa unarudije kwenye yako?"

"Marahaba. Zinafanana kwako," akasema. "Yangu moja ilikuwa na kioo kilichopasuka, inawaka upande. Nyingine boya lake bovu, inayumba sana. Halafu najua nimeziacha wapi na upepo umevuma kutoka wapi. Taa haiwezi kwenda kinyume cha upepo, labda iwe imeibwa."

Katika maneno hayo kulikuwa na karibu kila kitu ambacho programu za kufuatilia vitu hutumia. Kuna sura ya kitu, mahali kilipodhaniwa kuwa, na yale ambayo maumbile hayaruhusu. Kazi ya kompyuta ni kuoanisha: taa tano nilizoziona dakika iliyopita na taa tano ninazoziona sasa, ipi ni ipi? Kwa taa tano kuna namna 120 za kuzioanisha. Kwa taa kumi ni 3,628,800. Kwa usiku wa kawaida Igombe, usijaribu kuhesabu. Bahati nzuri Mmarekani Harold Kuhn alionyesha mwaka 1955 njia ya kupata mwoanisho wa gharama ndogo kabisa bila kuzipitia zote, akaiita njia ya Kihungaria kwa heshima ya wanahisabati wawili wa Hungaria aliojengea juu ya kazi zao. Programu nyingi za kufuatilia vitu leo ni ndoa ya Kalman na njia hiyo. Hungaria mara mbili katika programu moja, nami sijawahi kufika huko.

Taa mbili zikipishana karibu sana, hesabu hiyo inaweza kubadilisha majina: ya mjomba ikawa ya jirani, ya jirani ikawa ya mjomba, na kila mmoja akaendelea na safari ya mwenzake. Kwenye kuhesabu mitumbwi hilo ni kero tu. Barabarani ni jambo jingine.

Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, huko Tempe, jimbo la Arizona nchini Marekani, gari la majaribio la Uber lililokuwa likijiendesha lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara akisukuma baiskeli. Gari lilikuwa kwenye mwendo wa karibu kilomita 70 kwa saa. Ripoti ya wachunguzi wa serikali ya Marekani inaonyesha kwamba vihisi havikulala. Vilimwona sekunde 5.6 kabla. Lakini mfumo ulishindwa kuamua ni nini: mara gari, mara kitu kisichojulikana, mara baiskeli. Na hapa pana maelezo ninayodhani yangestahili kubandikwa ukutani kwa kila anayeandika programu za aina hii. Kila mara ulipobadilisha jina la kitu, ulitupa historia ya njia yake. Kitu kipya hakina jana, na kisicho na jana hakina mwelekeo. Alikuwa anavuka barabara hatua kwa hatua, na kila alipobadilishiwa jina alikuwa kana kwamba ameanza kusimama pale sasa hivi. Yalikuwepo makosa mengine pia, ya binadamu na ya kampuni. Ila hilo moja ni lilelile la Jiwe la Bismarck, tofauti ni kwamba mimi nilipata tu hesabu mbovu ya mitumbwi.

Sasa niwaombe turudi kwenye Kiswahili, maana naona sarufi yetu ilishalifikiria jambo hili kabla ya kompyuta. Tuna njia tatu za kusema kitu kiko mahali. Mtumbwi upo: nauona, mahali ni pale, panajulikana. Mtumbwi uko: uko huko, eneo ni pana, siwezi kuweka kidole. Mtumbwi umo: umo ndani ya kitu, umefunikwa au umezungukwa. Mtoto wa miaka mitatu wa Kirumba hazichanganyi. Programu yangu ya kwanza ilikuwa inajua "upo" tu, na kisichokuwa "upo" kwake kilikuwa kimekufa. Kichujio cha Kalman ndicho kilichoifundisha kusema "uko", lile duara la yai si kitu kingine. "Umo" ilibidi niiongeze kwa mkono: kama mtumbwi umepotea ukingoni mwa jiwe na duara lake linagusa jiwe, usiufute, uandike kwamba umo nyuma yake.

Hili la "umo" lina wanazuoni wake. Mwaka 1992 David Randell, Zhan Cui na Anthony Cohn walichapisha mfumo wa kueleza maeneo mawili bila namba hata moja, kwa mahusiano manane tu: yametengana, yamegusana, yamepandana kwa sehemu, moja liko ndani ya jingine, na kadhalika. Utamu wake uko kwenye mabadiliko. Kitu kinachosogea hakiwezi kuruka kutoka "nje" hadi "ndani kabisa" bila kupitia kugusa na kupandana. Mtumbwi hauwezi kuwa nje ya ghuba sasa hivi kisha kuwa katikati yake bila kupita mlangoni. Ukiipa mashine sheria hiyo, inajua kukataa. Mnandi wangu wa kilomita 200 kwa saa angekamatwa hapo: alitokea katikati ya maji bila kutokea popote.

Nico Van de Weghe wa Ubelgiji naye alitengeneza, miaka ya 2000, lugha ya alama tatu kwa vitu viwili vinavyotembea: kutoa ikiwa huyu anamkaribia yule, jumlisha ikiwa anamkimbia, sifuri ikiwa si hili wala lile. Inaonekana ni umaskini wa kupindukia. Lakini fikiria roboti inayopishana na mtu kwenye korido nyembamba. Haihitaji kujua sentimita ngapi. Inahitaji kujua kama wote wawili wanakaribiana, na nani kaanza kukwepa.

Manahodha nao wana hila isiyotaka namba nyingi, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kivuko kinakwenda magharibi kwa mita 4 kwa sekunde. Boti inateremka kutoka kaskazini kwa mita 3 kwa sekunde. Njia zao zinakutana mahali fulani. Kivuko kiko mita 400 kabla ya hapo, boti iko mita 300. Kutoka kwenye usukani, nahodha anaiona boti upande wa kulia, kama nyuzi 37 kutoka uelekeo wa kivuko, umbali wa mita 500. Subiri sekunde 50. Kivuko kimebakiza mita 200, boti mita 150. Umbali kati yao ni mita 250, nusu ya mwanzo. Na pembe? Nyuzi 37 zilezile. Boti haijasogea hata kidogo kwenye macho ya nahodha, imekuwa kubwa tu. Hiyo ndiyo inayokuja kukugonga.

Mgeni angedhani kisichosogea ni salama. Kumbe ukiiweka boti sambamba na nguzo ya reli ya kivuko, ukaona haiachi nguzo huku inakua, punguza mwendo au geuka. Laiti ingekuwa mita 250 badala ya 300, baada ya sekunde 50 ingekuwa imeteleza kutoka nyuzi 32 hadi 27, ikienda kupita mbele yako. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za 1972 zimeliandika jambo hilo, katika kanuni ya 7: uelekeo wa dira wa chombo kinachokuja usipobadilika kwa kiasi cha kuonekana, hesabu kwamba kuna hatari. Na zinaongeza tahadhari: chombo kikiwa kikubwa sana au karibu sana, hata uelekeo ukibadilika hatari inaweza kuwepo, maana pua imepita lakini mkia bado.

Kwa mashine hii ni zawadi. Kamera haijui umbali, lakini inajua pembe. Inajua pia ukubwa, na ukubwa nao unasema: kama boti ilikuwa na upana wa pikseli 20 na baada ya sekunde moja ni 22, na inakuja kwa mwendo uleule, zimebaki sekunde 10. Hukuhitaji kujua boti ina mita ngapi wala iko wapi.

Haya yote hayatoshi mashine ikiwa na uvivu wa kufikiri, kwa sababu inaishi katika wakati uliopita. Mwaka 2018 droni ya DHL iliyojaribiwa kupeleka dawa kisiwani Ukerewe ilikuwa inakata kilomita 60 kwa wastani wa dakika 40. Piga hesabu: kilomita 90 kwa saa, mita 25 kila sekunde. Droni ya kasi hiyo ikichukua moja ya tano ya sekunde kuchambua picha, basi inapomaliza kuamua ndege aina ya furukombe yuko wapi, yenyewe imeshasogea mita 5, na furukombe naye ana mipango yake. Kwa hiyo mashine nzuri haiulizi kitu kiko wapi. Inauliza kitakuwa wapi wakati jibu langu litakapokuwa tayari.

Mipango ndiyo mpaka ambao hesabu zote hizi zinaufikia zikasimama. Boya linafuata upepo, na mtumbwi unafuata mtu mwenye njaa, simu na shemeji yake gati la pili. Dereva wa bodaboda akiona abiria ng'ambo ya barabara, Kálmán hana la kusema.

Programu yangu niliirekebisha: kichujio, mwoanisho, na lile la "umo". Jumamosi moja nikahesabu nayo tena. Mimi mitumbwi kumi na mmoja, yenyewe kumi na mmoja. Nilifurahi kupita kiasi. Nilipoangalia kumbukumbu zake nikakuta mmoja uliingia nyuma ya Bismarck saa nne na nusu asubuhi na haukutoka. Programu ilikuwa imeushikilia kwa uaminifu, umo, umo, umo, huku duara la yai likivimba hadi likameza gati, likameza kivuko, likafika kwenye dirisha langu. Kwa hesabu zake, mtumbwi ule ungeweza kuwa chumbani kwangu.

Nikaiwekea kikomo: ikifika dakika kumi, usahau. Kesho yake mtumbwi mwingine ukaingia nyuma ya jiwe, jamaa akatia nanga, akala chakula chake, akatoka baada ya dakika kumi na mbili. Programu ikauhesabu mara mbili.